Saa Nzima Bila Wimbo: Je, Hao Nao ni Marafiki?

Swali: Mwalimu, Bwana asifiwe. Nililelewa katika Kanisa la Marafiki (Quaker) huko Vihiga, magharibi mwa Kenya. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mama bado yumo katika umoja wa akina mama. Mwaka jana nilikuja Birmingham kufanya kazi ya uuguzi, nikatafuta Marafiki wenzangu. Nilikuta watu kama ishirini na tano wamekaa kwa mduara, bila mchungaji, bila kwaya, bila mahubiri, na saa nzima ikapita huku watu wawili tu wakisimama kusema maneno machache. Baadaye, wakati wa chai, bwana mmoja aliniambia kwamba hana hakika kama anamwamini Mungu. Mama mwingine akaniambia nikitaka kuwa mshiriki niandike barua, ilhali mimi nilizaliwa Rafiki. Je, hawa ni wenzetu kweli? Wanafanya nini katika ule ukimya? Na siku moja wimbo ukinijia, naruhusiwa kuimba?

Jibu: Dada mpendwa, mirembe.

Nianze na lile linalokusumbua zaidi. Ndiyo, hao ni wenzako, tena nyumba uliyoingia Jumapili hiyo ndiyo ambayo ukoo wetu wote ulitoka. Ila ni ndugu waliokaa mbali nasi kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndugu wakikaa mbali muda wote huo hata namna ya kupokea mgeni hubadilika. Nimefundisha historia ya kanisa kwa muda mrefu, nimekuwa karani wa Mkutano wa Mwezi, yaani kikao cha kila mwezi cha kuamua mambo ya kanisa, huku nyumbani kwa miaka sita, na mwaka mmoja niliishi Uingereza nikikaa katika miduara kama hiyo, kwa hiyo nakujibu kama mtu ambaye ukimya huo uliwahi kumtisha yeye pia.

Historia nitaipitia upesi, kwa sababu bila hiyo maswali yako mengine hayajibiki. Mwaka 1652, kaskazini mwa Uingereza, George Fox, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini na ambaye alikuwa amejifunza kazi kwa fundi viatu, alihubiri milimani na majumbani kwamba Kristo amekuja kuwafundisha watu wake mwenyewe, na kwamba Nuru yake imo ndani ya kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, bwana kwa mtumishi. Alipokewa Swarthmoor Hall, nyumbani kwa Margaret Fell, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa kama ofisi, posta na hazina ya Marafiki wa kwanza. Jina la Marafiki lenyewe linakumbusha Yohana 15, pale Yesu anapowaita wanafunzi rafiki zake. Lile la Quaker, yaani mwenye kutetemeka, lilikuwa la dhihaka, alilolitoa hakimu mmoja mjini Derby mwaka 1650. Sasa ukishasema kwamba Mwalimu mwenyewe yumo chumbani, mengine yanafuata: wanafunzi wananyamaza ili wamsikie, na yeyote kati yao anaweza kuitwa kusema. Ukimya ule ulitokana na imani hiyo. Watu hawa hawakuyachukia maneno hata kidogo. Fox mwenyewe aliweza kuhubiri kwa muda wa saa tatu mfululizo.

Kuna jambo moja la zama zile ambalo huwa nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka. Serikali ilipiga marufuku mikutano yao, na mjini Bristol, mwaka 1682, watu wazima karibu wote walipokuwa gerezani, watoto waliendelea kukutana wao wenyewe, wakakaa kimya kama walivyozoea kuwaona wazazi wao wakikaa. Ukimkamata mchungaji, ibada inayomtegemea yeye husimama, lakini kule Bristol askari hawakumpata mtu wa kumkamata ili ibada ikome, kwa sababu kila aliyebaki alikuwa anaijua kazi.

Basi kwaya yetu na mimbari yetu vilitoka wapi? Vilitoka Marekani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Marafiki wengi wa majimbo ya katikati ya Marekani waliguswa na uamsho uliokuwa ukivuma katika makanisa ya jirani, wakaanza kuimba, kutoa ushuhuda na hatimaye kuajiri wachungaji. Ni Marafiki wa mkondo huo waliofika Kaimosi, huku kwetu, mwaka 1902: Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Walituletea ibada waliyoizoea wao, nasi tukaiongezea ngoma na sauti zetu, ikawa hiyo unayoijua. Huyo Chilson baadaye alihamia Kibimba, Burundi, mwaka 1934, na ndiyo maana Marafiki wa huko na wa Rwanda nao wanaimba. Kwa faida ya wasomaji wa pwani niseme kwamba Marafiki wa Uingereza nao walifika kwetu, na mapema zaidi: mwaka 1897, mwaka ule ule sheria ya Zanzibar ilipoacha kuutambua utumwa, walianzisha misheni na shamba la karafuu huko Banani, Pemba, ili waliokuwa watumwa wapate kazi ya ujira. Kazi yao haikukua kuwa kanisa kubwa kama la Kaimosi. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na Marafiki wanaoabudu kwa kimya, kama hao wa Birmingham, ndio wachache katika familia yote. Kwa hiyo usijione mgeni aliyeingia kwa wenye kanisa.

Tuje kwenye ukimya wenyewe. Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa Januari. Nilihesabu viti, nikahesabu vioo vya dirisha, nikasikiliza bomba la kupasha joto likigugumia ukutani, na katika dakika kumi niliitazama saa mara nne. Katikati kulikuwa na meza ndogo yenye Biblia, kijitabu chekundu chenye aya 42 za mashauri na maswali ambazo Marafiki wa Uingereza husomeana, na maua matatu katika gilasi ya kawaida ya jikoni. Nilikuwa nangoja ibada ianze. Yapata dakika ya thelathini na tano mzee mmoja akasimama, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akasema kwamba asubuhi hiyo alimwandalia mkewe kikombe cha chai mezani kama ilivyokuwa desturi yake, ndipo akakumbuka. Akaketi. Hakuna aliyemjibu wala aliyemgeukia. Lakini hewa ya chumba ilibadilika, na mimi niliyekuwa nikihesabu vioo nikaacha kuhesabu. Zilipita kama dakika kumi ndipo mwanamke aliyekaa upande wa pili akasimama na kutamka mstari mmoja wa Zaburi, akaketi naye. Saa ilipotimia wazee wawili walipeana mkono, kisha kila mtu akampa mkono jirani yake, na ibada ikawa imekwisha. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba nilikuwa nimeabudu, ingawa nisingeweza kukuambia ilianza dakika gani.

Wewe umetoka Vihiga, kwa hiyo ukimya huu unaujua kuliko unavyodhani. Kumbuka matangani, usiku wa manane, nyimbo zimekwisha, wageni wa mbali wamelala, na wamebaki wale wa karibu wamezunguka moto pamoja na mfiwa. Mtu hutia kuni. Mwingine hutaja jambo moja la marehemu, wote wakaguna, kisha kimya tena kwa muda mrefu. Hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini husemi, na atakayeondoka pale atahesabiwa kuwa amemwacha mwenzake. Kukaa kule ni kazi, tena ni kazi ya pamoja. Ukimya wa Marafiki ni wa aina hiyo. Mtu anayetaka kutafakari peke yake angebaki kitandani kwake kwenye joto. Wale wamevuka mji kwa basi siku ya baridi kwa sababu wanaamini kwamba kuna jambo ambalo watu hulisikia wakilingoja pamoja na ambalo hawalisikii kila mtu akiwa kwake. Hutokea siku, si kila Jumapili, kungoja huko kukawa kuzito hadi watu wote wanajua bila kuambiwa kwamba wamekuwa kitu kimoja. Siku hizo wao husema mkutano umekusanywa, na ukiangalia kitenzi hicho utaona kwamba hawajisifu kuwa ndio waliojikusanya.

Kusema nako kuna adabu yake, ambayo mara nyingi mgeni haelezwi. Neno likimjia mtu hulishikilia kwanza na kujiuliza kama ni la kwake mwenyewe au la mkutano, na kama ni la leo au la siku nyingine. Wengi wakisimulia wanasema moyo huwadunda na magoti kulegea, na likiwa la kweli halimwachi mtu mpaka alitoe. Hapo utaona kwamba yule hakimu wa Derby, kwa dhihaka yake, aliligusa jambo lililokuwapo. Ukisema, sema kwa ufupi, kisha keti. Anayekufuata ataacha nafasi ili neno lako lizame, na hatabishana nawe. Kwa kawaida mtu hasimami mara mbili katika ibada moja. Je, yote yanayosemwa ni ya Roho? La hasha. Nimewahi kusikia watu wakisimama kusimulia kipindi cha redio walichokisikia wakati wa kifungua kinywa, na nimewahi kumsikia mmoja akihutubu kuhusu mabasi. Lakini nasi tumewahi kuketi chini ya mahubiri ya dakika tisini ambayo hayakuwa na hata robo ya kikombe kile cha chai, kwa hiyo tusiwanyoshee kidole.

Kuhusu yule bwana asiye na hakika na Mungu, sitakuficha: kati ya Marafiki wa Uingereza wapo wasiojiita Wakristo, na wapo wachache wasiotumia kabisa neno Mungu. Sababu yake ni kwamba Marafiki tangu mwanzo hawakutaka mtu akiri imani kwa kukariri maneno aliyoandikiwa na mwingine. Kule Uingereza mlango huo umefunguliwa wazi kabisa, ilhali kwetu tunaufungua kiasi na kusimama karibu nao. Mimi ni Mkristo, na naona wenzetu hao wamepoteza kitu walipoanza kuona haya kulitaja jina la Yesu mbele ya wageni. Pamoja na hayo, nilijifunza kutompima mtu kwa sentensi moja aliyoitoa akiwa na biskuti mkononi. Muulize bwana huyo ni nini kinachomleta kila Jumapili. Unaweza kusikia jibu ambalo mama yako angelielewa vizuri sana, kwa msamiati tofauti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ambalo kwa maoni yangu ndilo litakalokujibu kama hao ni wenzetu au sivyo. Usiwapime kwa ibada ya Jumapili peke yake. Nenda ukakae katika mkutano wao wa shughuli, ule wa kuamua mambo ya fedha, jengo, ndoa, wageni na mengineyo. Utakuta wanaanza kwa ukimya, na karani amekaa mezani pamoja na msaidizi wake. Karani hana cheo cha mwenyekiti, na hapigi debe upande wowote. Kazi yake ni kusikiliza, na pale anapohisi kwamba mkutano umefika mahali, huandika maneno machache papo hapo, watu wakingoja kimya, kisha huwasomea na kuuliza kama ndivyo. Wakikubali, Waingereza hujibu kwa sauti ya chini, “natumaini hivyo”, na kumbukumbu hiyo ikishapita haibadilishwi ofisini wiki inayofuata na mtu mwenye kalamu. Kura hazipigwi kamwe. Kinachotafutwa ni njia ambayo Mungu anataka mkutano huu uifuate katika jambo hili, nayo inaweza kuwa kwa wengi, kwa wachache, au kwa mtu mmoja aliyekaa nyuma na ambaye hajasema.

Niliona hilo likitendeka kuhusu mabenchi. Jumba lao lilikuwa na mabenchi ya mbao ya zamani sana, mazito, na baadhi yao walitaka yaondolewe na kuletwa viti, ili siku za kazi ukumbi utumike kwa masomo ya lugha ya wakimbizi. Mama mmoja aliyekuwa na miaka zaidi ya themanini hakutaka. Babu yake alikuwa amekaa benchi lile la tatu. Kwa hesabu ya kura jambo lingekwisha kwa dakika mbili, kwani hata watu watatu hawakuwa upande wake. Karani aliandika: hatuko tayari, tutalirudia mwezi ujao. Mwezi uliofuata wakalirudia, wakazungumza kidogo zaidi, karani akaomba ukimya, akaandika tena kwamba hawako tayari. Mimi, nikiwa karani wa nyumbani, nilikereka; mbao ni mbao. Katika mkutano wa tatu yule mama alisimama, akasema kwamba bado haoni uzuri wa viti hivyo, lakini anaona mkutano unakoelekea, na hatasimama njiani. Ila anaomba benchi moja libaki karibu na mlango, mahali ambapo watu hukaa kufunga viatu. Karani akaandika. Kumbukumbu haikutaja jina lake wala kusema kwamba kulikuwa na mpinzani. Ilisema tu viti vinunuliwe na benchi moja libaki mlangoni. Niliporudi kuwaaga, yeye ndiye aliyekuwa amekaa hapo, akimfunga kamba za viatu mtoto wa familia moja ya wakimbizi. Miezi ile mitatu niliyoiona ya kupotea ndiyo iliyomfanya abaki.

Utaratibu huu hatukuletewa kama kitu kigeni. Wazee wa Maragoli walikaa chini ya mti mpaka maneno yaishe, na mtu aliyetaka jambo liamuliwe upesi alitazamwa kwa shaka. Tulipata karani na kumbukumbu kutoka kwa wamisionari, lakini uvumilivu tulikuwa nao. Inaniuma kusema kwamba katika mikutano yetu mikubwa tumeuacha mara nyingi. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, yaani muungano wa makanisa yetu, uliozaliwa 1946, umegawanyika na kugawanyika tena tangu miaka ya 1970, na mtu aliyekaa katika baadhi ya vikao hivyo anajua kwamba watu waliingia wakiwa wameshahesabiana. Kwa hiyo nikisema kwamba wenzetu wa Uingereza wamepoteza kitu, niseme pia kwamba sisi tuna chetu tulichokipoteza, na ukitaka kukiona tena, kaa nyuma katika mkutano wao wa shughuli, usiseme neno, uangalie mikono ya karani.

Maisha mengine ya jamii yao yanajengwa juu ya msingi huo huo wa kusikiliza. Mtu akiwa na uamuzi mzito, kwa mfano kuacha kazi au kuoa, anaweza kuomba Marafiki wanne au watano wakae naye. Hao hawaruhusiwi kumpa ushauri, wanamuuliza maswali tu, na kati ya maswali wananyamaza. Nilifanyiwa hivyo mara moja nilipokuwa nikisitasita kurudi nyumbani. Waliniuliza maswali saba kwa saa mbili, na la sita, lililoulizwa na mwalimu mstaafu wa hesabu, lilikuwa kama kuna mtu niliyekuwa nikimwogopa huko. Alikuwapo. Mtu akiwa mgonjwa watakuambia wanamshika katika Nuru. Maana yake wanamweka mbele za Mungu bila kumwambia Mungu la kufanya, na wewe muuguzi utaona hekima iliyomo. Arusi haina mchungaji wa kufungisha: wawili husimama wenyewe, wakaahidiana mbele za Mungu na watu, na wote waliohudhuria, hata watoto wanaojua kuandika jina tu, hutia sahihi kwenye cheti. Ubatizo wa maji na meza ya Bwana hawana, kama ambavyo sisi pia tulilelewa bila hivyo. Wazee wa ibada na wale wanaoangalia hali za watu huteuliwa, kwa kawaida kwa miaka mitatu, kisha hupisha wengine; hakuna uzee wa maisha kama huku kwetu. Msimamo wa kutopigana vita, ambao Marafiki waliutangaza kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1660, bado wanaushika, nao ndio ule ule uliowafanya Marafiki wa magharibi mwa Kenya waende kwenye kambi za waliofurushwa baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, wakigawa unga na kuwasikiliza watu.

Hata hivyo, usitarajie yasiyokuwapo. Mikutano mingi ya Uingereza ni midogo na yenye wazee wengi, na pengine utakuwa mwafrika peke yako chumbani, ukiulizwa kwa upole mno unatoka wapi. Hawakufuati nyumbani usipoonekana Jumapili mbili. Kwetu akina mama wangekuwa wameshafika na unga na sukari, lakini kwao kutokukusumbua ni heshima, na heshima hiyo inaweza kukuacha mpweke ukiwa na homa. Waambie. Nilipomwambia mzee mmoja kwamba nimeumwa siku nne bila mtu kuniona, aliona haya kwa dhati, na tangu siku hiyo nilikuwa napigiwa simu kila Alhamisi. Pia yapo mambo ambayo makanisa yetu na yao hayakubaliani, kubwa kuliko yote likiwa uamuzi wao wa mwaka 2009 wa kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja. Utalisikia likitajwa. Hutalazimishwa kusema lolote, nami sidhani kwamba kikombe cha chai baada ya ibada ndiyo mahali pa kulianza.

Kuhusu barua: mama yule hakukukatalia undugu. Huku nyumbani mtoto wa Rafiki anakua ndani ya kanisa, anapita darasa, anapokewa. Kule, wanaohudhuria bila kuwa washiriki ni wengi sana, wengine kwa miaka ishirini, wakipika, wakifagia na kufundisha watoto. Na anayetaka ushiriki humwandikia karani wa Mkutano wa Eneo, ambao kwao ni kama Mkutano wa Mwezi wetu, Marafiki wawili wakamtembelea kuzungumza naye juu ya safari yake, kisha mkutano ukaamua. Wewe, kwa kuwa tayari ni mshiriki, huhitaji kuanza upya kama mtu aliyetoka nje. Unaweza kubaki mshiriki wa nyumbani na kuhudhuria huko kwa muda wote wa mkataba wako, jambo ambalo mimi nilifanya. Au unaweza kumwomba karani wa Mkutano wako wa Mwezi akuandikie barua ya kuhamisha ushiriki. Kwa maoni yangu usihame mwaka huu. Hudhuria ibada kwa miezi sita, nenda mikutano ya shughuli miwili au mitatu, ujue unaowahamia.

Na wimbo? Unaruhusiwa. Wimbo ukikujia kwa namna ile niliyoeleza, ukaupima na haukukuacha, simama uimbe ubeti mmoja, kwa Luragoli kama ndivyo ulivyokuja, bila kuomba radhi na bila kutafsiri. Usiwaalike waitikie, hawajui, na ukiwaalika utawageuza kuwa kwaya mbaya. Nilimwona mama wa kwetu akifanya hivyo mwezi wa Mei, sauti yake ikitetemeka mwanzoni, na alipoketi hakuna aliyesema neno tena mpaka mwisho wa saa. Ila isiwe ni hamu tu ya nyumbani inayokusimamisha. Ikiwa ni hamu ya nyumbani, waombe mwisho wa ibada wakukopeshe chumba cha nyuma Jumamosi jioni, uwaalike Wakenya wengine wa mji huo, muimbe mpaka shingo ziume. Jumba la mkutano hukodishwa kwa mambo mengi, na sijasikia wakimkatalia Rafiki.

Barua ya utambulisho iombe mapema hata kama huhami. Mpigie karani wako wa Vihiga kabla ya mkutano ujao, kwa sababu hawezi kuiandika peke yake. Lazima isomwe mbele ya watu na kuingizwa katika kumbukumbu, na Mkutano wa Mwezi, kama jina lake, ukikupita utangoja mwezi mwingine.